Na mimi niko likizo

Siku ya tatu leo na maneno ya yule kijana mtalii, aliyetaka kuingia dukani kwangu bila shati, hayajanitoka. Posa ya binti yetu Mai tumeipokea Alkhamisi, alhamdulillahi, nami nimekaa na wakwe, sahani ya biriani mapajani, huku kichwani napiga hesabu ya jibu nililokosa.

Alikuja Jumatano baada ya alasiri, kifua wazi, maji yanamchuruzika. Katoka Forodhani kupiga makachu, kule kujirusha baharini, na watoto. Mguu mmoja kizingitini, mkono ushafika kwenye rundo la kanga. Nikamwambia, tena kwa upole, avae shati kwanza. Akanionesha hamali wetu, anasukuma rikwama, mkokoteni wake, kuelekea sokoni Darajani, mgongo unang'aa kwa jasho.

"Mbona yeye?"

Kiswahili chake kizuri, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikamjibu: "Yeye yuko kazini."

"Na mimi niko likizo."

Sule, mtoto wa dada yangu, badala ya kunisaidia, kacheka mpaka kashika ukuta, kisha akaniongezea la chuoni kwake, chuo cha Kurani: "Halati, uchi wa mwanamme baina ya kitovu na magoti." Kweli. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ndivyo ilivyo, na hata kwenye sala kufunika mabega ni sunna. Basi dini siwezi kuifanya fimbo hapa. Mwenye suruali fupi ya juu ya magoti ana kosa kubwa kuliko asiye na shati, na hao tunawauzia viungo kila siku. Likizo! Ningemwambia nini?

Tuseme la kazi, maana msimu ukianza mnaniuliza wenye maduka. Bango la mavazi likitundikwa ndani halina faida. Mtu akilisoma keshaingia, na kumrudisha mbele ya wenzake ni kumtahayarisha. Liwe nje, juu ya baraza, usawa wa macho, na liwe picha: mtu kafunikwa mabega mpaka magoti. Wengi wanapanda gari Nungwi au Paje na nguo za pwani, saa nzima baadaye wanateremka mjini vilevile. Si ujeuri, hawajabadili tu.

Kitambaa cha kuazima kitungikwe kwenye msumari wa mlangoni, kisitafutwe kabatini mgeni amesimama. Mimi nina vikoi vitatu vya rangi nzito. Kikoi kipya usikiazime: kina wanga, kinateleza, fundo halikai. Kifue mara tatu kwanza. Mtupie mgongoni kwa urefu, pembe mbili za juu zije kifuani, fundo moja, basi. Kabla hajagusa kitu mpe taulo ajifute, kwa sababu kanga mpya nyekundu ikikutana na maji ya bahari inatoa rangi, na mji wake mweupe, ile sehemu ya katikati, unageuka waridi. Kanga moja ikiharibika doti nzima imekufa. Nani atanunua upande mmoja?

Lakini adui mkubwa ni mafuta ya jua. Mtu kajipaka kifua kizima, anajaribu kanzu nyeupe, anaivua, anairudisha. Siku ile huoni kitu. Ukishaifua ndiyo doa linajitokeza, rangi ya kutu hasa, maana dawa iliyomo kwenye baadhi ya mafuta hayo inashikana na chuma kilichomo majini. Ukikimbilia jiki umelizidisha. Anza na sabuni ya vyombo bila maji, isugue kwa kidole, suuza, halafu ndimu, uiache nusu saa. Likikaa wiki, hiyo kanzu ivae mwenyewe nyumbani.

Haya yote nayajua, na siku ile hata moja halikunijia ulimini.

Leo asubuhi hamali kaniletea robota kutoka bandarini. Nilikuwa barazani nafagia. Kasimamisha rikwama, kaweka jiwe chini ya gurudumu, kisha akachukua fulana yake iliyoning'inia kwenye mpini. Kajifutia uso nayo, kaikung'uta, kaivaa kinyume, lebo kooni. Ndipo akalibeba robota begani akaingia. Kaliteremsha, kapokea pesa yake, katoka, na hatua mbili nje ya mlango fulana ishavuliwa.

Sule alikuwepo, kaona. Nikamtazama tu. Akasema, "Haya, Halati," akaenda kununua urojo, na wangu kaniletea bila kuagizwa, bajia nyingi. Nimecheka peke yangu mpaka mteja kaniuliza kuna nini. Yule kijana akirudi nitamkalisha barazani amngojee hamali.

Mama kapiga simu kutoka Wete, Pemba, mchana, sauti imemkauka. Anasema vumbi la karafuu. Karafuu zenyewe alishaziuza mwezi uliopita.