Uzamili wa tiba ya usemi Marekani: piga hesabu kabla ya kujaza fomu

Mwenye shahada ya isimu, Kiswahili au ualimu anaweza kusomea uzamili wa tiba ya usemi na lugha Marekani bila kurudia shahada ya kwanza. Wengi hukwamishwa na kozi za msingi. Ili kupata CCC-SLP, cheti cha umahiri wa mtaalamu wa tiba ya usemi, ASHA (chama cha wataalamu hao Marekani) inataka uwe umesoma baiolojia, takwimu, saikolojia au sayansi nyingine ya jamii, pamoja na fizikia au kemia. Vyuo navyo huongeza zao: anatomia ya viungo vya usemi, fonetiki (sauti za lugha), ukuaji wa lugha ya mtoto, audiolojia (elimu ya usikivu). Matokeo ya chuo cha nje yafanyiwe tathmini ya kozi moja moja. Ile ya jumla haionyeshi ulichosoma.

Masomo huchukua kama miaka 2, na ndani yake kuna mazoezi ya saa 400: 25 za kutazama na 375 za kuhudumia watu, ambapo 325 lazima uzipate ukiwa kwenye uzamili. Hapa ndipo watu hupunjika. Mgonjwa asipotokea, saa hiyo imepotea, na kuandika ripoti hakuhesabiwi. Linganisha daftari lako la saa na la msimamizi kila wiki, usingoje mwisho wa muhula.

Mtihani wa taaluma hii, Praxis, unapita kwa alama 162. Kisha kuna kipindi cha kufanya kazi chini ya uangalizi: wiki 36 za kazi ya kutwa, saa 1,260. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, awe macho. OPT, kibali chake cha kufanya kazi baada ya masomo, ni miezi 12, na hairuhusiwi kupitisha siku 90 bila kazi, ilhali majimbo mengi hayaruhusu umguse mgonjwa kabla hujapata leseni ya muda. Omba leseni mapema.

Kujua Kiswahili ni mtaji, ila usiutumie vibaya. Mtoto wetu akisema "buki" badala ya "book" akisoma Kiingereza, hana ugonjwa. Silabi zetu kwa kawaida huishia na irabu. Akiwa na miaka 5 na bado anamwambia mama yake "titabu" badala ya "kitabu", huyo apimwe. Wala usitafsiri kipimo cha Kiingereza ukampa alama: viwango vyake vilipatikana kwa watoto wengine. Rekodi mazungumzo yake na mzazi, muulize mzazi kama ndugu zake walisema hivyo umri huo, kisha eleza kwa maneno kwenye ripoti.