Babu aliyekuja na Keya: fuata namba, jina litakuja

Leo naandika kuhusu wazee waliotoka Nyasaland, Malawi ya leo, wakiwa askari wa Keya, jeshi la makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Dar es Salaam, Songea, Nairobi, Mombasa, kote huko zipo familia ambazo ukoo ukifuatwa nyuma unaishia kwa mzee mmoja wa Kiyao, Kingoni au Kinyanja, na hapo habari zinakatika: "Alikuja na Keya." Kijiji hakijulikani, jina la baba yake halijulikani, mwaka ndiyo kabisa. Wajukuu wakiamua kumtafuta, wanaandika jina lake, tuseme Ali, kwenye tovuti ya Makavazi ya Taifa ya Uingereza, wanaletewa akina Ali chungu nzima au wasipate hata mmoja, wanafunga kompyuta.

Tatizo ni mahali pa kuanzia. Mwanajeshi wa Kiingereza wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa na faili lake binafsi London, na hata hayo mengi yaliungua Septemba 1940 ghala lilipopigwa mabomu. Askari wa King's African Rifles, yaani Keya, hakuwekewa faili huko. Karatasi zake zilikuwa mambo ya kikosi na ya serikali ya koloni. Kwa hiyo usimtafute Ali kwanza. Tafuta kikosi, kisha namba, ndipo utamfikia Ali.

Anza na sanduku la bibi. Kama kuna nishani ya fedha yenye kichwa cha Mfalme George V upande mmoja, na upande wa pili mtu uchi juu ya farasi pamoja na miaka 1914 na 1918, hiyo ndiyo nishani ya vita ya Uingereza. Kipenyo chake ni milimita 36. Usiangalie picha, angalia ukingo, ule unene wake. Hapo pamegongwa herufi ndogo sana: namba, cheo, jina, kikosi. Ya shaba iliyofuatana nayo, ya ushindi, nayo imeandikwa ukingoni. Ile yenye umbo la nyota, ya 1914-15, imeandikwa nyuma, na yenyewe peke yake inakuambia kwamba mzee alikuwa vitani kabla ya mwaka 1915 kwisha.

Tafadhali usiisugue kwa dawa ya kung'arishia. Herufi hizo hazina kina, na nishani iliyong'arishwa kila sikukuu kwa miaka mingi hubaki na ukingo laini kabisa. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze iwake kutoka ubavuni, si kutoka juu, halafu zungusha nishani polepole. Kivuli ndicho kitakachokusomea. Piga picha kipande kwa kipande, kila picha iingiliane kidogo na iliyotangulia, maana maandishi huzunguka na ni rahisi kuruka tarakimu moja. 3 na 8 hufanana zikichakaa. 1 na 7 vilevile. Ukiwa na shaka, andika zote mbili, usichague.

Tuseme umesoma namba 4127, kisha PTE, yaani askari wa kawaida, kisha jina, kisha 2/1 K.A.R. Hapo kwenye 2/1 ndipo watu wengi hupotea. Wengine huisoma kama tarehe, wengine kama kikosi cha 21. Maana yake ni batalioni ya pili ya rejimenti ya kwanza. Vita vilipoanza Agosti 1914 Keya ilikuwa na batalioni tatu tu: ya 1 ya Nyasaland, ya 3 ya Kenya ya leo, ya 4 ya Uganda. Jeshi lilipopanuliwa, kila moja ikagawanywa ikawa rejimenti yenye batalioni kadhaa, hata mwisho wa vita zikafika 22. Rejimenti ya 1 na ya 2 ni za Nyasaland. Ya 7 ilitokana na Zanzibar na Mafia. Kwa hiyo 1/2 na 2/1 ni vikosi viwili tofauti, vyenye watu tofauti na safari tofauti. Namba nayo haina maana bila kikosi chake, kwa kuwa 4127 mwingine anaweza kuwamo katika rejimenti nyingine.

Na rejimenti inakuambia alikoandikishwa, basi. Haikuambii alikozaliwa. Myao aliyeandikwa Zomba anaweza kuwa alizaliwa upande wa Wareno, Msumbiji.

Batalioni ya 2, ya hao hao watu wa Nyasaland, ilivunjwa mwaka 1911, na haikuanzishwa upya mpaka wakati wa vita. Serikali ilitaka kubana matumizi. Wanaume waliokwisha kufunzwa bunduki wakajikuta hawana kazi, na wapo waliovuka mpaka wakaajiriwa na Wajerumani. Vita vilipokuja, wakakuta wenzao wa zamani upande wa pili. Kisha mwaka 1917 Waingereza walianzisha rejimenti ya 6 kwa kuwachukua askari waliokuwa wa Mjerumani wakatekwa au kujisalimisha. Kwa hiyo ukisikia bibi mmoja anasema mzee alikuwa wa Mjerumani na mwingine anaapa alikuwa wa Mwingereza, usiwaamulie ugomvi. Huenda wote wawili wanasema kweli.

Kwa upande wa Wajerumani unahitaji kujua tahajia yao. Sauti yetu ya "ch" waliiandika kwa herufi nne, tsch, na "j" mara nyingi ni dj au dsch. Juma anakuwa Djuma, Ujiji inakuwa Udjidji, Hamisi anaongezewa s, Saidi anaanza kwa Ss. Kompania zao zilikuwa 14 mwanzoni mwa vita, kila moja na kituo chake: ya 1 Arusha, ya 3 Lindi, ya 12 Mahenge, ya 13 Kondoa. Familia ikikumbuka tu kwamba mzee "alikuwa boma la Mahenge", umepata mahali pa kushika. Lakini usitegemee faili la Berlin: kumbukumbu za jeshi la Prussia ziliteketea Potsdam Aprili 1945.

Waingereza nao hawakuwa na nafuu katika majina. Athmani ni Asmani, Osman, Othman. Chirwa ni Chilwa. "Bin" mara inaandikwa, mara inarukwa, mara inageuzwa kuwa jina la kati. Wengine walijiandikisha kwa jina la kambini ambalo nyumbani hakuna aliyelijua. Andaa orodha ya tahajia zote unazoweza kufikiria kabla hujaanza kutafuta, na ukiweza, tafuta kwa namba.

Makavazi ya Taifa ya Uingereza, yaliyo Kew, nje kidogo ya katikati ya London, yana mafungu machache yenye faida. WO ni ofisi ya vita, CO ni ofisi ya makoloni. WO 329 ni daftari za nishani, zimepangwa kwa kikosi: safu ya namba, ya cheo, ya jina, ya nishani, na ya mwisho ya maelezo. Hiyo ya mwisho watu huipuuza, na ndiyo yenye neno kuhusu kifo au nishani iliyorudishwa. WO 372 ni kadi za nishani, lakini usitarajie kila askari wa Kiafrika awemo. WO 95 ni shajara za vita za kila kikosi, siku kwa siku. Humo maofisa wa Kizungu wanatajwa kwa majina, askari kwa hesabu: wawili wameuawa, watano wamejeruhiwa. Shajara haitakupa jina la mzee, ila itakuonyesha alikuwa wapi. Batalioni ya 1, kwa mfano, ilikuwa Karonga tarehe 9 Septemba 1914. CO 534 ni barua za serikali kuhusu Keya kwa jumla. Inafaa ukitaka kujua mishahara na uandikishaji, si kumtafuta mtu.

Vita vya Pili vina mtego wake. Nyota ya Afrika na ile ya Burma kwa askari wa Afrika Mashariki zilitolewa bila jina. Ukingo mtupu, mgongo mtupu. Zinachokuambia ni eneo tu: ya Burma ni kati ya 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Hapo utategemea cheti cha kuachishwa jeshi, ambacho mara nyingi kimekunjwa mara nne ndani ya kopo na kupasuka kwenye mikunjo. Kilaze chini ya kioo, piga picha pande zote mbili, nakili namba pamoja na herufi zinazoitangulia, usizitupe. Herufi kwenye mabano baada ya namba ya batalioni ni za koloni: 22 (NY) ni Nyasaland, 36 (TT) ni Tanganyika, 44 (UG) ni Uganda. Zote tatu zilikuwa katika Divisheni ya 11, iliyopita bonde la Kabaw, Burma, kwenye masika ya 1944 hadi Kalewa mwezi Desemba. Shajara zao ziko WO 172. Za Uhabeshi na Mashariki ya Kati ziko WO 169.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure mtandaoni, ila ni ya waliokufa. Babu aliyerudi akaoa na kuzaa baba yako hayumo. Nashangaa ni wangapi huhangaika nayo. Inafaa kwa kaka yake asiyerudi. Walioangamia na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, wengi wao wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301, wametajwa kwenye ukumbusho ulio Ngong Road, Nairobi. Wa vita vya kwanza hawakutendewa hivyo. Sanamu za askari za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa hazina hata jina moja, na ripoti ya Tume hiyo hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi ndio walioachwa zaidi. Kwa mpagazi jaribu taarifa za wilaya: Nairobi, kwenye makavazi ya Moi Avenue, mafungu yanayoanza na PC (mkuu wa jimbo) na DC (mkuu wa wilaya), Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa huko Upanga, vitabu vya wilaya.

Ukishapata namba na kikosi, ndipo uandikie Zomba, kwenye makavazi ya Malawi. Taja wilaya kwa jina la zamani na la sasa: Fort Johnston ni Mangochi, Port Herald ni Nsanje, Fort Manning ni Mchinji. Kijiji mara nyingi ni jina la chifu, kama Mponda, na jina hilo hurithiwa, kwa hiyo "kwa Mponda" ya 1910 na ya leo ni cheo kile kile chini ya mtu mwingine, na nyumba zenyewe huenda zimehama. Weka nakala ya picha ya ukingo, si nishani yenyewe. Orodhesha tahajia zote. Omba vitabu vya wilaya vya miaka mitano kabla na baada ya kuandikishwa, na uliza gharama ya kunakili kabla hawajaanza kazi.