Herufi nyembamba za sabuni ya mwani

Shangazi yangu hutengeneza sabuni ya mwani huko Paje, na aliponiomba nimtengenezee lebo niliamua kuchora herufi zangu mwenyewe: nyembamba, zisizo na vijiguu kwenye ncha, zilizojengwa kwa duara na mstari mnyoofu tu. Nazipenda herufi za aina hii kwa utulivu wake, kwani huiacha karatasi ionekane.

Nilitumia FontForge, programu isiyolipiwa, nikaanza na o kwa duara kamili. Nilipoiweka kando ya n ilionekana fupi, ingawa kimo kilikuwa kimoja, kwa kuwa duara hugusa mstari kwa nukta moja tu. Ikanibidi niipitishe kidogo juu na chini ya mstari, kisha nipunguze unene wa sehemu zake za kulala, kwani mstari wa kulala huonekana mnene kuliko wa kusimama hata vipimo vikilingana. Hata Futura, aina ya herufi iliyobuniwa na Paul Renner, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1927 na kusifiwa kwa uduara wake, ilisahihishwa kwa jicho namna hii.

Kazi ngumu ilikuwa a. Niliichora kama ilivyo katika Futura, duara lenye kijiti upande wa kulia, bila kufikiri jinsi Kiswahili kilivyojaa a na o. Jina la sabuni ni Bahari. Nilipochapa lebo ya majaribio kwenye karatasi ya kaki, ambayo hunywa wino, kijiti kilififia, na shangazi akaniuliza, "Mwanangu, mbona umeandika bohari?" Alikuwa amesoma sawasawa kile kilichokuwapo. Kwa lugha yetu, a ya namna ile katika mistari myembamba ni hatari: kaa huwa koo, dada huwa dodo. Usiku ule ule niliichora upya, yenye paa juu na tumbo chini, kama ya vitabuni.

Neno iliki nalo lilikuwa safu ya vijiti kama ua wa makuti. Niliipa l mkia mdogo unaopinda kulia, nikapanua nafasi kati ya herufi za kusimama.

Maelezo ya viungo yalikuwa kwa pointi 7, yaani chini ya milimita 2.5, na mistari ilikatika. Kwa ukubwa huo wembamba haufai, kwa hiyo nilichora unene wa pili kwa ajili ya maandishi madogo peke yake. Herufi nyeupe juu ya rangi nzito niliziacha kabisa, maana wino husambaa na kuziba mistari.

Katika lebo ya mwisho jina limebaki jembamba, kwa pointi 40. Shangazi aliisoma mlangoni bila miwani, kuanzia Bahari hadi gramu 80, akaniambia nichape mia mbili.