Oganeli na seli nyeupe ni somo moja

Binti wa kaka yangu yuko kidato cha tano hapa Tanga. Oganeli, yaani viungo vidogo vilivyomo ndani ya seli, anazijua kwa mpangilio wa kitabu: kiini, mitokondria, ribosomu, Golgi, laisosomu. Kwenye sura nyingine kabisa akakariri seli nyeupe za damu: nyutrofili, limfosaiti, monosaiti, eosinofili, basofili. Hakuna aliyemwambia kuwa mambo haya yanakwenda pamoja. Mimi nashinda maabara na darubini, na hili linaniuma, maana seli nyeupe unaitambua kwa kilichomo ndani yake.

Anza na nyutrofili, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama 40 hadi 70 katika kila seli nyeupe 100. Mitokondria zake, vinu vya nguvu vinavyotumia oksijeni, ni chache. Nguvu huipata zaidi kwa kuvunja sukari bila oksijeni, ndiyo maana inamudu kupigana ndani ya jipu. Ikishammeza bakteria, kifuko alichofungiwa kinaungana na laisosomu, kifuko kingine chenye vimeng'enya, navyo vinamsaga. Kumeza huko mwanabiolojia Élie Metchnikoff alikuona mwaka 1882. Laisosomu zenyewe zilikuja kujulikana 1955 kwa kazi ya mwanasayansi Christian de Duve. Usaha unaoukamua, sehemu kubwa ni nyutrofili zilizokufa.

Ninayoipenda mimi ni eosinofili. Paka rangi ya Giemsa, dondosha mafuta, lete lenzi ya 100, utaiona mara moja: kiini cha vipande viwili, na chembechembe nene za rangi ya machungwa zimebanana kama punje za komamanga. Zimebeba protini kali. Mnyoo ni mkubwa mno hamezeki, kwa hiyo seli humsogelea ikammwagia sumu kwa nje. Na sisi watu wa pwani minyoo tunaijua. Matende na mabusha yanaletwa na mnyoo anayeenezwa na mbu, na watoto wake huonekana zaidi kwenye damu iliyotolewa usiku. Eosinofili zikizidi, mtu wa maabara huwaza minyoo, au mzio.

Monosaiti hutoka kwenye damu ikageuka makrofeji, mlaji mkubwa. Basofili ni nadra, chini ya 1 katika 100.

Limfosaiti iliyotulia karibu yote ni kiini, na ukingo mwembamba wa bluu. Lakini limfosaiti B ikiamshwa na kugeuka seli ya plazima, inajaa ribosomu za kutengenezea kingamwili, na kiini kinasukumwa pembeni. Seli hizi za plazima huwa zinakaa kwenye uboho na kwenye tezi za limfu, kwa hiyo nilimwekea binti yule kioo cha uboho cha kufundishia. Kando ya kiini akaona doa jeupe. Nikamwambia hiyo ndiyo Golgi, oganeli inayofungasha protini.

"Shangazi, kumbe Golgi inaonekana?"

Inaonekana, kwa sababu rangi ya bluu tunayopaka hushika ribosomu, na Golgi haina ribosomu.