Simba mwekundu na maua tisa: safari ya Eupen hadi Sankt Vith

Treni ya kutoka Brussels ilipita Leuven, Liège na Verviers, ikafika mwisho wa reli Eupen. Huku vibao ni vya Kijerumani, ingawa bado ni Ubelgiji.

Nilikwenda moja kwa moja bungeni, jengo lililokuwa sanatoria zamani, yaani mahali pa kutunzia wagonjwa, ambamo sasa huketi wabunge 25 wa Jumuiya ya Wasemao Kijerumani, mojawapo ya jumuiya tatu za lugha za Ubelgiji. Upepo ulipoikunjua bendera yao nyeupe, nikaiona vizuri: simba mwekundu amesimama kwa miguu ya nyuma, amezungukwa na maua tisa ya buluu, kila ua lina petali tano. Kwenye nembo yenyewe, ngao hiyo huvikwa taji la kifalme. Simba ni urithi wa Limburg na Luxembourg, tawala mbili za kale zilizokuwa na ardhi hapa. Lakini mimi nilifuata maua, kwa sababu kila ua ni manispaa moja. Eupen, yenye bunge na serikali, ina ua moja. Burg-Reuland, huko kusini kabisa mpakani, nayo ina lake, la ukubwa uleule. Waflemi, Wabelgiji wasemao Kiholanzi, wana simba mweusi, na Wawaloni, wasemao Kifaransa, wana jogoo. Hawa, ambao hata laki moja hawafiki, wameihesabu kila manispaa yao ndani ya ngao.

Basi la Sankt Vith hupanda Hohes Venn, nyanda za juu zenye ukungu, nyasi na ardhi chepechepe. Ukishuka upande wa pili unapita kwanza kwa wasemao Kifaransa, kwani maua manne yako kaskazini na matano kusini, na hayagusani.

Sankt Vith ilivunjwavunjwa na mabomu ya Krismasi ya 1944. Mnara wa Büchel ulisalia, na nilisimama kitambo nikiyapapasa mawe yake. Mimi ni mtu wa Bujumbura, na historia ya hapa inanigusa: Vita vya Kwanza vilipokwisha, Rwanda na Urundi zilitoka kwa Mjerumani zikawa chini ya Mbelgiji, na nchi hii pia. Sisi hatukuulizwa. Wao, mwaka 1920, waliambiwa anayepinga kuwa chini ya Ubelgiji akaandikishe jina lake hadharani. Kati ya wapiga kura zaidi ya 33,000, waliothubutu ni 271. Mwaka 1940 Hitler akawachukua, na vita vilipokwisha wakarudi Ubelgiji.

Bendera za Ujerumani na Ubelgiji waliletewa. Hii ya simba na maua waliipitisha wenyewe, katika baraza lao, mwaka 1990, na ndiyo maana naiheshimu sana. Ukifika Sankt Vith usiishie hapo. Endelea kusini hadi Burg-Reuland ukaone magofu ya ngome yake, kisha ushuke Ouren, ambako Ubelgiji, Luxembourg na Ujerumani hukutana kando ya mto.