Siku Moja Maishani Mwangu: Taya Lililofunguliwa Nyumbani

Saa 12:30 asubuhi nilipita wodini kuhakikisha kwamba kila mgonjwa aliyefungwa meno kwa nyaya ili taya lililovunjika liunge ana koleo la kuzikatia karibu na kitanda, kwa sababu akianza kutapika huku kinywa kimefungwa, hakuna muda wa kulitafuta. Mimi ni daktari wa upasuaji wa taya na uso, lakini majirani huniita daktari wa meno, na wengine huamini kazi yangu ni kuwarembesha watu. Siku hizi sibishani nao.

Saa 2 nilimkuta kijana aliyeanguka na pikipiki, uso umejaa damu, akigoma kulazwa chali. Haukuwa ukaidi. Taya la chini likivunjika pande zote mbili karibu na kidevu, ulimi hukosa pa kujishikiza na kurudi kooni, kwa hiyo anayeinama mbele anapigania pumzi. Tulimwacha ainame huku shingo yake imeshikiliwa, tukamnyonya damu kinywani, na habari ya mifupa ikasubiri.

Saa 4 kliniki ilifunguka, na hapo ndipo siku yangu ilipokwama. Mzee mmoja, aliyepaswa kukaa na nyaya kwa wiki 6, aliingia katika wiki ya 3 kinywa wazi: alizikata mwenyewe kwa koleo la fundi.

“Daktari, wewe hujawahi kunywa uji kwa mrija wiki 3.”

Nilimwomba aume meno. Ya kulia yaligusana. Ya kushoto yaliacha nafasi ya kupitisha kalamu, na mfupa ulicheza chini ya kidole changu. Nilieleza, akabisha, nikaeleza tena, mkewe akabisha kwa niaba yake, akisema maumivu yalikwisha siku nyingi. Maumivu kwisha si mfupa kuunga. Alipokubali kufanyiwa upasuaji, nilimuuliza kama amekula.

“Nimeshiba,” akajibu, kwa fahari kabisa.

Ilibidi tusubiri kwa muda wa saa 6, tumbo liwe tupu kabla ya dawa ya usingizi.

Jioni miguu ilikuwa imekwisha kuchoka. Daktari wa usingizi alipitisha mpira wa hewa puani, kwa maana mpira ukipita mdomoni meno hayafungiki, na meno ndiyo ramani yetu: kwanza yakutane, ndipo mfupa ufungwe. Nilikwangua nyama changa iliyoota kwenye ufa, nikavuta vipande, vikateleza, nikavuta tena, hata nikaacha kutazama saa. Skrubu za bamba la titani ziliingia polepole, kwa kuwa ndani ya taya hupita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini, na ukichomwa, mgonjwa huweza kubaki na ganzi hadi kidevuni. Niliyafunga na kuyafungua meno yake mara 3. Yalikutana, na sitaficha, nilitabasamu ndani ya barakoa.

Usiku, alipozinduka, alinyoosha kidole mdomoni mwake, kisha akanionyesha tumbo.

“Uji, mzee wangu,” nikamwambia. “Kwa mrija.”