Siku nilompeleka mwanangu kupimwa masikio

Mwanangu alizaliwa na mpasuko wa kaakaa. Mdomo wa nje mzima kabisa, ukimtazama hujui kitu mpaka afungue kinywa alie ndo unaona kule juu kuko wazi. Siku ninayoikumbuka alikuwa na miezi saba, mamake yuko sokoni Kongowea ikabidi mimi nimpakate, tukapanda tuktuk kutoka Kisauni, manake sista wa kliniki alishasisitiza masikio yapimwe hata kama mtoto hana homa wala hatokwi na usaha.

Foleni ndefu, na joto la Februari mnalijua. Kando yangu kakaa msichana mdogo na mamake, wana kitoto kichanga, amekilaza chali mapajani anajaribu kukinyonyesha, maziwa yanarudi kwa pua, kinapaliwa, kinalia, na yeye analia. Roho iliniuma, hayo tumeyapitia. Nikamwambia dadangu samahani, mkalishe wima, kichwa kiwe juu hivi. Maziwa yako si machache wala mtoto si mvivu, hawezi kuvuta tu, hewa inapita pale palipo wazi, ni kama kunyonya soda kwa mrija uliotoboka. Nikatoa chupa yetu ile laini ya kubonyeza nikamwonyesha, akitafuna chuchu unabonyeza kidogo, akipumzika nawe pumzika, usimmiminie. Mcheulishe kila mara kwa sababu anameza hewa nyingi. Ukikosa chupa hii, kamua maziwa umnyweshe kwa kikombe kidogo ama kijiko, na usipitishe nusu saa, akichoka sana anatumia nguvu nyingi kuliko alizopata. Mamake akaniuliza, "Babangu, wewe mwanamume umeyajuaje haya?" Nikamwambia zamu ya usiku ni yangu mama.

Tukaitwa. Daktari akamulika, kisha akaingiza kimashine kinachopuliza hewa kidogo sikioni, mstari kwenye karatasi ukatoka umelala. Ngoma ya sikio haichezi, akasema, kuna maji nyuma yake, masikio yote mawili. Nilishtuka kwa kweli, huyu mtoto hajawahi hata kushika sikio! Akanieleza misuli ya kaakaa ndo inafungua kamrija kanakotoka nyuma ya pua mpaka sikio la kati, sisi tukimeza kanafunguka hewa inaingia, lakini kwake misuli haikuungana pale katikati, kwa hivo kamrija hakafunguki sawasawa na maji yanakaa mle. Karibu watoto wote wenye mpasuko huu maji hayo huwapata, na si lazima waumwe. Sauti kubwa anasikia, ndogo zinampita, na huu ndo umri wa kuokota maneno. Hapo nikamfikiria mamake anavomwimbia usiku kwa sauti ya chini.

Mpango ukawa siku ya kushonwa kaakaa, akiwa ashalazwa kwa dawa ya usingizi, wampachike na vibomba vidogo kwenye ngoma za masikio hewa ipite. Na baada ya hapo aendelee kupimwa miaka na miaka, manake kushona peke yake si lazima kumalize maji.

Nilipotoka yule dada bado yuko kwenye benchi, mtoto ashashiba kalala. Nikamwambia na masikio pia, ulizia leo leo, usingoje usaha. Mamake akainuka palepale kwenda kumtafuta sista.